Umri na Ushahidi wa Kuzaliwa katika Nyanda za Juu Kusini

Mzazi wa Kalenga, Iringa, asemapo kwamba mwanawe alizaliwa mwaka fuvu la Mkwawa liliporejeshwa, hutaja mwaka 1954 bila kukosea. Lakini karani wa mafao hutaka siku na mwezi. Pengo hilo lina historia. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ilitungwa Tanganyika mwaka 1920, ila haikuwalazimisha Waafrika. Baadhi yao waliandikwa katika madaftari ya ubatizo, kwa mfano ya Wamoraviani wa Rungwe, Mbeya. Nayo yalithibitisha imani kabla ya umri, kwani aliyebatizwa aweza kuwa mtu mzima. Wengine waliachiwa kumbukumbu za vita, njaa na nzige, ambazo hati ya kiapo huzigeuza kuwa tarehe.

Mwaka 2013 mkoa wa Mbeya ulianza kuwasajili watoto wa chini ya miaka mitano katika vituo vya afya na ofisi za kata, bila malipo. Mtoto huyo ana cheti; babu yake angali anategemea shahidi. Shahidi huyo anapofariki, rejista pekee ya kuzaliwa kwa mzee huzikwa pamoja naye.