Uzito wa Jani Bichi

Mama hakununua maharage kwa macho. Pale sokoni Uyole aliokota punje moja, akaibana kwa meno ya nyuma. Ikibonyea badala ya kupasuka, alimwambia muuzaji, "Haya bado yana maji, mwanangu," akasogea gunia la pili. Baba, kibarua kwenye mashamba ya utafiti wa kilimo hapo hapo Uyole, naye alipima mbegu mara mbili: zikitoka shambani, na zikitoka kukaushwa. Sikujua kwamba siku moja nitayasimulia hayo mbele ya jaji.

Nilisoma kemia, nikaingia Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Mjomba, kila tukikutana msibani, akawa ananiita "afande". Sikuwa afande. Maabara ile ilianza mwaka 1895, enzi za Mjerumani, kwa utafiti wa magonjwa ya kitropiki. Polisi ni wateja wetu, kama zilivyo hospitali na ustawi wa jamii. Tunaletewa damu, matapishi, vipande vya ini la marehemu kwenye chupa, mate ya baba anayemkana mtoto. Tunaletewa sumu ya shambani iliyonywewa kwa hasira. Huku kwetu kwenye viazi na nyanya, chupa ya sumu hiyo haikosekani nyuma ya mlango. Na bangi. Bangi ndiyo iliyonilea kazini.

Jani lenyewe halina siri nyingi. Chini ya hadubini utaona vinywele vifupi vilivyopinda kama kucha za paka. Kisha unachukua kidogo, unatia dawa ya Duquenois, unadondoshea asidi ya hidrokloriki, na rangi ya zambarau inajitokeza. Ukiongeza klorofomu, ukatikisa na kuacha itulie, ile zambarau inashuka na kukaa chini ya bomba. Mara ya kwanza nilipoiona ikishuka nilimwita mwenzangu aje atazame. Yeye alishaiona hadi imemchosha. Akaniambia nijaze daftari.

Alikuwa na haki. Bahasha ikifika, naizungusha mkononi kabla ya kuifungua. Lakiri imepasuka? Namba ya kesi inalingana na ya barua? Nani kaleta, saa ngapi, nani kapokea? Mahakama ya Rufani, katika rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007, ilitaka safari ya kielelezo ionekane kwa maandishi, tangu kukamatwa hadi kufika mahakamani. Mawakili wa Mbeya na Iringa wanaijua hukumu ile kuliko ninavyoijua klorofomu.

Mmoja wao alinibana kwenye uzito. Hati ya ukamataji ilisema kilo 14. Ripoti yangu, kilo 9 na nusu.

"Shahidi, hizo nne na nusu zimekwenda wapi? Mmevuta?"

Watu wakacheka. Nilimweleza mheshimiwa jaji kwamba mzigo ulikamatwa mbichi, ukafungwa kwenye salfeti, ukakaa stoo wiki tano kabla ya kunifikia. Nikataja maharage ya mama. Karani akatikisa kichwa kukubali, kisha akakumbuka yuko kazini.

Uzito ulieleweka. Kilichotuangusha ni mstari mmoja mtupu: kati ya askari aliyekamata na mtunza stoo wa kituo chao hakuna aliyesaini. Kwa siku tatu mzigo haukuwa na mwenyewe. Mshtakiwa akaachiwa, na kwa sheria ilivyo, sikuona jaji angefanya nini kingine. Nami sikuwa msafi: niliandika uzito, sikuandika kwamba majani yalifika makavu. Neno moja tu, na lile swali la kuvuta lisingeulizwa.

Siku hizi safu ya kwanza ninayojaza ni hali ya kielelezo: kibichi, kikavu, kimeota ukungu. Vijana wanaokuja kwa mafunzo huulizia kwanza mashine ya vinasaba. Wamesikia kwamba tangu mwaka 2009 vinasaba vya binadamu vina sheria yake, wanadhani kazi yote iko humo. Nawapa bahasha tupu, kijiti cha lakiri na kiberiti, wafunge. Baridi yetu ya Juni huigandisha lakiri kabla hujabonyeza muhuri. Alama ikiwa nusu, nawarudishia. Wa mwisho alifunga mara sita. Ya sita ilikubali, ila kidole alikuwa ameshakiunguza.