Barua kutoka Area 47: kunguru, mandasi na mbu wa jioni

Dada yangu mpenzi,

Salamu kutoka Lilongwe. Huku mitaa mingi inaitwa kwa namba, na mimi nimefikia Area 47. Mtajie dereva namba hiyo, hakuulizi zaidi.

Asubuhi nilitoka kutafuta kifungua kinywa. Kando ya barabara mama mmoja anakaanga mandasi, ndiyo mandazi yetu, ila haya ni ya mviringo na yanashibisha. Kwa kwacha 1,000 nikapewa matano. La kwanza sikulionja: kunguru mwenye kifua cheupe alishuka ukutani, akalinyakua, akaenda kulila juu ya nguzo ya umeme. "Pepani, achimwene," mama akanipa pole huku akicheka, akaniongeza jingine.

Basi dogo la kwenda Dzaleka, kwenye kambi ya wakimbizi, haliondoki mpaka lijae, kwa hiyo nilingoja saa nzima, kuku wa abiria mwenzangu akiwa miguuni pangu. Kilomita 40 na ushei, kisha nikashuka kwenye Kiswahili kila kona! Nikala bugali kwa sombe, yaani ugali kwa kisamvu, kwacha 2,500, shomoro wakidonoa makombo chini ya meza. Mzee Mkongo aliyekaa jirani aliniona nikiwatazama, akasema: "Hii ndege haiendake fasi ingine, iko hapa mwaka muzima."

Unajua ninavyopenda ndege, basi maneno hayo nimerudi nayo. Mbayuwayu kutoka Ulaya akikutwa na virusi vya West Nile, vinavyoenezwa na mbu, ni vigumu kujua aliviokota wapi. Ndege mkaazi akikutwa na kingamwili damuni, ni ishara kwamba mbu wenye virusi wapo, au wamewahi kuwapo, papo hapo. Ndiyo maana watafiti huwanasa kwa nyavu laini, wakatoa damu kidogo kwenye mshipa wa bawa, kisha wakawaachia. Virusi hivyo vilitambuliwa Uganda mwaka 1937; vilipofika New York mwaka 1999 viliua kunguru wengi mno. Afrika ndege wengi huvibeba bila kuonekana wagonjwa.

Nilirejea Area 47 jua linazama. Kunguru wangu alikuwa ameshatulia mtini, na kwenye mfereji ulioziba nyuma ya nyumba mbu aina ya kuleksi, wapenda maji machafu, walikuwa wanaamka. Sisemi kunguru yule anaumwa, dada. Ila mbu anayemnyonya yeye usiku anaweza kuja kwangu pia. Watu 8 kati ya 10 wanaoambukizwa hawahisi chochote. Wachache sana virusi huwapanda ubongoni, na binadamu hana chanjo yake. Huku homa ikipanda, watu husema malungo, yaani malaria, na virusi hupita bila kutajwa.

Miguu inaniwasha ninapoandika. Mwenye nyumba ameniazima jembe. Kesho, kabla ya mandasi, tunazibua mfereji.

Kaka yako akupendaye.