Dyna Iliyopona Kila Ikishuka Chimala

Kwetu Matamba, wilayani Makete, ukiona Dyna imelala imeinamisha pua bondeni, ujue mwenyewe anaiogopa asubuhi. Hakuna aliyeshangaa. Gari la dizeli lililozeeka lilikuwa na sehemu yake ya kulala, mteremkoni, jiwe mbele ya tairi, na vijana wa kulisukuma walikuwa wanajulikana. Juni na Julai, umande ukishaganda juu ya majani ya viazi, kazi ya kwanza ya siku ilikuwa kuwasha gari, na ilianza kabla ya jogoo.

Utaratibu huo niliurithi pamoja na gari lenyewe, Dyna yenye mashine ya 3L, kutoka kwa mjomba. Alinikabidhi funguo, kadi ya gari na maelezo ya kitufe chekundu kilichotobolewa chini ya dashibodi. "Bonyeza, hesabu mpaka kumi, halafu piga stata." Siku nyingine kitufe kilifanya kazi. Siku nyingi zaidi hakikufanya. Hapo zikaanza mbinu za kila mtu: karai la makaa chini ya sampu, tambara la mafuta linalowaka likishikiliwa kwenye mdomo wa bomba la hewa, kopo la etha la kupuliza. Mashine ikikubali, inatoa moshi mweupe mzito wenye harufu ya dizeli mbichi, inatetemeka kama inataka kuruka kwenye mauntini zake, kisha taratibu inatulia.

Ugonjwa huu ulikuwa na bahati, maana barabara yetu iliuficha. Kutoka Matamba kwenda Chimala unashuka kona 57, na barabara yenyewe watu wanaiita Hamsini na Saba. Juu ni baridi ya kuuma meno, chini Usangu ni joto. Gari lililosukumwa na vijana alfajiri, likifika gereji ya Chimala mashine ikiwa ya moto, unagusa funguo tu linanguruma. Fundi anakuangalia kama mtoto anayejisingizia tumbo asiende shule. Na kwa kuwa lazima akufanyie kitu, anatengeneza alichonacho mkononi. Mmoja alibadilisha brashi za stata. Mwingine akaosha nozeli. Wa tatu alinishauri nifungue mashine, eti kompresheni imekwisha, wakati haikuwa inakula oili na ilikuwa inapanda na mzigo kama wenzake. Bado naamini mashine nyingi za nyanda za juu zimefunguliwa bure kwa namna hiyo.

Aliyenitoa huko ni mzee mmoja, fundi umeme wa magari pale Uyole, tulikokuwa tukishusha viazi. Nilimwamkia, nikamweleza, naye hakuligusa hata gari.

"Sasa hivi gari lako halina cha kuniambia," alisema. "Liache lilale hapa. Nitaliona kesho likiwa na baridi yake."

"Mzee, nina safari ya kurudi usiku."

"Basi rudi nalo, mwanangu, uendelee kusukuma."

Nililiacha. Uyole nako kuna baridi. Asubuhi akafungua nati ndogo zilizoshika kile kibati kinachounganisha vichwa vya hita plagi zote nne, akakitoa na kukiweka juu ya kifuniko cha betri ili kisipotee. Akachukua taa ya kupimia, waya mmoja akaubana kwenye chanya ya betri, ncha akaigusisha kwenye kichwa cha plagi ya kwanza. Kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu ikawaka. Ya nne, iliyojificha nyuma kabisa, kimya. Kazi ndogo kuliko kubadilisha tairi, na miaka yote hiyo hakuna aliyeifanya.

Plagi hizo zinagawana umeme sambamba. Ikikatika moja, nyingine zinaendelea kama kawaida, na gari linazidi tu kuwa gumu kidogo, halafu kidogo tena, mpaka unazoea. Taa ya koili kwenye dashibodi nayo haikusaidii: kwenye magari mengi ya zamani inafuata saa au joto la maji, haijui plagi iko hai au imekufa. Nimekutana na madereva wanaoapa kwamba hita zao ni nzima kwa sababu taa inawaka na kuzimika vizuri.

Alipozifungua, moja ilikuwa imevimba ncha, ikawa ya kubembelezwa kutoka kwenye tundu lake. Akaifuta kwa tambara, akanionyesha maandishi kwenye shina: 6V. Hapo ndipo ukoo mzima wa matatizo yangu ulipojitambulisha. Toyota za enzi hizo zilitoka kiwandani na mifumo zaidi ya mmoja. Ipo inayotumia plagi za volti 11 au 12 na kuzipa umeme wa betri moja kwa moja. Ipo ya haraka, yenye plagi za volti 6, ambazo hupewa umeme wote kwa sekunde chache mpaka ziive, kisha kifaa cha muda kinakata na kuupitisha umeme kwenye kizuizi cha kuupunguza. Kwenye Dyna yetu kifaa hicho kilikufa zamani, fundi akakiruka kwa kitufe chekundu, na baada ya hapo plagi za volti 6 zikawa zinakula 12 kwa muda wote ambao kidole kimebonyeza. Mjomba alikuwa mwaminifu sana: kila zikiungua alinunua zilezile. Wiki za mwanzo gari linawaka vizuri, anasifu spea, kisha yaleyale.

Nilimuuliza yule fundi mzee kwa nini basi malori ya Scania yanalala hapohapo baridini na hayana plagi hizo. Akasema mashine kama ya 3L haimwagi dizeli moja kwa moja juu ya pistoni, bali kwenye chumba kidogo ndani ya silinda hedi. Kuta za chumba hicho zikiwa za baridi zinakunywa joto la hewa iliyobanwa, na dizeli inafika mahali ambapo haiwezi kushika moto. Ncha ya plagi, inayofikia nyuzi 850 na zaidi, ndiyo inayoziba pengo hilo. Kule Kitulo, mita kama 2,600 kutoka usawa wa bahari, hewa yenyewe imepungua karibu robo, kwa hiyo pistoni ina kidogo cha kubana.

Tukaamua kubaki na kitufe, ila tununue plagi za volti 11. Dukani nilijifunza kutosema "nipe hita za 3L" na kupokea boksi. Mzee alikuja na plagi ya zamani ya kulinganishia, akapima nyuzi za skrubu na urefu wa ncha, akasoma volti kwenye shina, siyo kwenye boksi, kisha akaomba mita. Plagi nzima ikiwa ya baridi huonyesha omu moja au pungufu, na nne za seti moja zinapaswa kukaribiana. Seti ya bei nafuu aliyotolewa kwanza ilikuwa na maandishi yanayofutika kwa kidole gumba na vipimo vya kila moja na lake. Aliirudisha kaunta bila maneno. Muuza duka naye hakubisha, jambo lililonipa picha kamili.

Kabla ya kufunga alisafisha masizi kwenye matundu, akapaka grisi ya shaba kidogo kwenye nyuzi tu, akakaza kwa spana iliyoshikwa karibu na kichwa mkono usipate nguvu. Kisha akaniwekea rilei na waya mnene, maana plagi nne zinavuta zaidi ya ampia 40 na kile kitufe kilikuwa kinabeba umeme wote huo peke yake, kimeyeyuka mgongoni. Sasa kitufe kinaiamrisha rilei tu. Akanionya kuhusu rilei pia: ikinata, plagi zinabaki zinawaka ukiwa barabarani, betri inaisha na seti yote inaungua. Ndiyo maana kila nikishawasha ninasikiliza ule mlio wa kukatika.

Etha niliitupa siku hiyohiyo. Ukiipuliza kwenye mashine ambayo plagi zake zina moto, inaweza kulipuka pistoni ikiwa bado inapanda, ikapasua ringi au pistoni yenyewe.

Tangu hapo Dyna inalala uani, kwenye tambarare, na nyumbani wanaweza kuanika mahindi pale mteremkoni. Nahesabu mpaka 15, Julai mpaka 20, napiga stata, inashika. Faida niliyoiona kwanza haikuwa ya gari, ilikuwa ya soko: anayefika Uyole mapema anachagua mnunuzi, anayechelewa anachaguliwa, tena kwa lumbesa. Kila baridi inapokaribia natoa kile kibati na kugusa vichwa vinne kwa taa. Mwaka jana ya nne ilikuwa imekufa, nikaibadilisha peke yake kabla sijahisi lolote.

Jirani yangu ana Hilux ya 2L yenye dalili zilezile, na jana ameniletea. Tatu zimetoka. Moja imeng'ang'ania, na tayari alikuwa ameshaingiza bomba kwenye mpini wa spana ili apate nguvu. Nimemnyang'anya. Ikikatikia ndani, hedi lazima ishuke. Tumeimwagia mafuta ya kulainisha kutu tangu jana jioni, kesho tunaikimbiza mpaka Mfumbi na kurudi, na mashine ikiwa bado ya moto ndipo tutajaribu, robo mzunguko kwenda, robo kurudi.