Mwezi wa Kwenda Uskoti

Nimekulia Tanga, ambako mvua ina miezi yake. Masika huingia Machi, vuli huja mwishoni mwa mwaka, na kaskazi na kusi hupokezana kwa utaratibu ambao manahodha wa majahazi waliutegemea kwa karne nyingi. Kwa hiyo mimi na dada yangu tulipoanza kupanga matembezi ya Uskoti, nilitaka kwanza kujua ni mwezi gani huko hakunyeshi. Waliowahi kuishi kule walinijibu kwamba mwezi huo haupo. Mei na Juni kuna nafuu, walisema, lakini hata kukipambazuka kweupe, usitoke bila koti la mvua.

Jibu hilo lilinisumbua kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa nimeandika kwenye daftari siku na mahali, kila mstari ukitaka anga safi: ngome ya Edinburgh, uwanja wa Culloden, kisha kivuko cha kwenda visiwa vya Orkney. Ili kutuliza wasiwasi nikaanza kusoma habari za sehemu hizo, na kila niliposoma nilikutana na hali ya hewa ndani ya historia yenyewe. Culloden, tarehe 16 Aprili 1746, jeshi la Wajakobi, waasi waliompinga mfalme wa Uingereza, lilishindwa kwa muda usiotimia saa moja, huku upepo wenye mvua na theluji ukiwapiga usoni. Edinburgh nako, mzinga hulia ngomeni saa saba kamili mchana, isipokuwa Jumapili na sikukuu chache. Zamani mabaharia waliotia nanga Leith walirekebisha saa zao kwa kutazama tufe kubwa likishuka juu ya mnara ulio kilimani. Lakini ukungu wa baharini ulipotanda tufe halikuonekana, ndipo mwaka 1861 mzinga ukaanza kupigwa, wasioona wasikie.

Nilikaa muda mrefu zaidi na habari za Skara Brae, kule Orkney. Ni kijiji cha mawe chenye umri wa zaidi ya miaka 5,000, na kwa vizazi vingi watu walipita juu yake bila kukijua, kwa kuwa kilifunikwa na mchanga na nyasi. Majira ya baridi ya mwaka 1850 dhoruba kali iliung'oa ule udongo wa juu, kuta zikatokeza. Nimetazama picha za nyumba hizo mara nyingi. Katikati kuna jiko la kuotea moto, pembeni vitanda vya mawe, na ukutani, mkabala na mlango, rafu za mawe zimepangwa kama kabati la vyombo. Mbao zilikuwa adimu pale, na pengine ndiyo sababu vitu hivi vimedumu hadi leo. Nyumba zilizamishwa ardhini na kuunganishwa kwa vijia vyembamba vilivyoezekwa juu, ili upepo usiwafikie watu. Bahari iliyokifichua kijiji ndiyo pia inayokitishia. Wamelazimika kujenga ukuta kuizuia.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza ninachokwenda kutazama ni nini hasa. Kama ni zile kuta peke yake, basi jua lingenifaa. Lakini watu wale walijenga hivyo kwa sababu ya upepo, na sijui kama mtu anaweza kuielewa nyumba ya namna ile akisimama mbele yake siku ya utulivu, mikono mfukoni.

Nilipomweleza dada, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mdogo wangu, nauli yote ile, halafu tukakae chumbani tukihesabu matone dirishani?" Ana haki. Likizo yake ni fupi, na kivuko kikizuiwa na upepo hakuna wa kuturudishia siku. Maneno yangu ni rahisi kuyasema nikiwa hapa, nguo kavu, feni ikizunguka.

Tumekubaliana Juni, maana huko kaskazini jua huchwa baada ya saa nne usiku, na mvua ikipita bado mchana unabaki. Culloden nimeiondoa kwenye daftari, ingawa kwa shingo upande. Nafasi yake nimeiacha wazi upande wa Orkney, bila kuandika chochote, tusubirie hapo anga iamue. Dada ameziona siku hizo tupu na ameniuliza za nini. Bado tunazijadili.