Haki ya Matundu

Watu wengi hudhani kuwa kugawa maji ni kazi ya macho. Wakiona matundu mawili yenye upana mmoja husema kuwa wenye matundu hayo wamepata sawa. Wakiona moja limelipita jingine, husema kuwa mwenye kubwa amependelewa. Dhana hii ina kweli ndani yake, lakini ni nusu ya kweli, na nusu ya kweli katika mambo ya maji huweza kumkausha mtu koo.

Dhana yenyewe ni kongwe. Mwaka 97 B.K., Kaisari Nerva alimpa Sextus Julius Frontinus usimamizi wa maji ya mji wa Roma. Kila aliyepewa idhini ya kuvuta maji aliwekewa mdomo wa shaba wenye kipenyo maalumu na muhuri. Frontinus alikuta midomo mipana kuliko idhini, na mingine isiyo na muhuri, akaandika kitabu kufichua hila hizo. Alikuwa mtumishi mwaminifu. Walakini katika hesabu yake alipima eneo la tundu peke yake. Aliona kuwa maji yaendayo kwa nguvu hutoa zaidi, lakini hakuwa na kanuni ya kuitia nguvu hiyo katika hesabu. Kanuni ilingoja mpaka mwaka 1644, Evangelista Torricelli alipotangaza kuwa kasi ya maji yatokayo tunduni hufuata kipeuo cha pili cha kimo cha maji kilicho juu ya tundu. Kimo kikizidi mara nne, kasi huzidi mara mbili tu.

Natutwae mfano. Tangi lina matundu matatu karibu na sakafu, yote katika usawa mmoja, yenye vipenyo vya sentimita 1, 2 na 4. Eneo hukua kwa mraba wa kipenyo. Kwa hiyo mafungu yao si 1, 2 na 4, bali ni 1, 4 na 16. Maji yakisimama mita 1 juu ya matundu, kasi yake ni kama mita 4.4 kwa sekunde. Na kwa kuwa mkondo hujibana upitapo katika ukingo mkali, twachukua kama sehemu 62 katika kila 100 za hesabu hiyo. Tundu dogo litatoa kama lita 0.2 kila sekunde, la kati 0.9, na kubwa 3.4. Jumla ni lita 4.5. Chemchemi ikileta kiasi hicho, maji hayatapanda wala kushuka.

Sasa kiangazi na kiipunguze chemchemi nusu. Maji hayatashuka mpaka nusu ya kimo, bali mpaka robo, yaani sentimita 25, ambapo kasi ni nusu ya ile ya kwanza. Kila tundu litapata nusu ya lilichozoea. Dhiki imegawanywa kama ilivyogawanywa neema. Lakini kama lile tundu dogo lingalitobolewa sentimita 30 juu ya wenzake, maji yangalitulia karibu na sentimita 28, nalo lisingalipata hata tone. Wakati wa masika hakuna ambaye angaliiona dhuluma hiyo.

Mambo haya hayakunijia kwa vitabu peke yake. Katika kijiji kimoja cha mlimani nilikokaa, tangi liligawa maji kwa mabomba yenye upana mmoja. Mama mmoja mjane, aliyekaa mwisho wa kijiji, alilalamika kila kiangazi. Wazee wa kamati walipima vipenyo, wakaviona sawa, wakamwambia kuwa hana shauri. Nilipoombwa kutazama nilichukua debe la lita 20 na saa. Nyumba ya karibu na tangi ilijaza debe kwa dakika moja. Ya mjane kwa dakika mbili. Mifereji yote miwili ilikuwa katika usawa mmoja, lakini bomba la mjane lilikuwa na urefu wa karibu mara nne ya lile jingine, na msuguano wa njia ndefu ulikuwa umekula nguvu ya maji. Nilimwambia, "Mama, hakuna aliyekuibia." Akanijibu, "Mwanangu, kama hakuna mwizi, maji yangu yako wapi?"

Jawabu lake lilinifunza kuwa kumpata asiye na hatia si sawa na kumpa mtu haki yake. Tulijenga sanduku la saruji chini ya tangi. Maji huingia yakiwa yametulia, hutoka kwa mapengo yenye vizingiti vya usawa mmoja, na kila pengo huangusha maji yake katika chumba cha nyumba yake. Katika mapengo ya namna hii fungu hufuata upana. Maji yakipungua, hupungua kwa wote kwa kadiri moja. Bomba refu nalo lilibadilishwa kwa jingine pana zaidi, kwa sababu bomba lenye kipenyo mara mbili hupitisha maji zaidi ya mara tano ya lile jembamba.

Likabaki swali ambalo Torricelli hakulijibu: upana wa kila pengo ufuate nini? Idadi ya watu, idadi ya nyumba, au fedha iliyotolewa wakati wa ujenzi? Wachaga wa Kilimanjaro, katika mifongo yao, waligawana maji kwa zamu, na zamu hizo zilipangwa na watu barazani. Kamati yetu nayo ilibishana siku tatu, kisha ikachagua idadi ya watu. Hesabu haiwezi kumwambia mtu nani anastahili nini. Huweza tu kuhakikisha kuwa neno lililokubaliwa barazani ndilo lifikalo katika debe, masika na kiangazi. Na bila ya hesabu hiyo, watu waweza kukubaliana haki kwa vinywa, na tundu likawahukumu kinyume.