Twende Kilimambogo

Ikiwa kila Jumapili hukuishia mbele ya televisheni, funga chakula cha mandari uwapeleke watoto Kilimambogo, mbele ya Thika. Mbuga hii ya Ol Donyo Sabuk, iliyotengwa mwaka wa 1967, ni mlima mmoja tu wa mita 2,145. Barabara ya kilomita 9 hupanda hadi kileleni, na anga likiwa safi utauona Mlima Kenya na hata Kilimanjaro. Ila usijitie ushujaa wa kupanda kwa miguu bila askari wa mbuga. Mbogo walioupa mlima jina hawajahama!

Njiani mna kaburi la Bwana McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyefariki mwaka wa 1925. Yasemekana alitaka kuzikwa kileleni, lakini mwinuko ukawashinda waliopeleka jeneza.

Mkishateremka, nendeni Fourteen Falls katika Mto Athi. Maporomoko hunguruma ajabu, na miamba yake ni mahali pazuri pa kulia chapati. Kuoga, hapana. Mto Nairobi huingiza humo taka za jiji, ndiyo maana ya lile povu. Binti yangu aliniuliza kama maji yale yametoka kwetu. Nikamwambia ndiyo.