Jua Linathubutuje Kuchomoza?

Wapendwa, juma hili tumesoma kumbukumbu za Sandra Uwiringiyimana, Mnyamulenge wa Kongo, zilizochapishwa mwaka 2017. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, siku 2 kabla ya Sherehe ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, kambi yao ya wakimbizi ya Gatumba, Burundi, ilishambuliwa. Alikuwa na miaka 10. Mdogo wake Deborah, wa miaka 6, aliuawa. Mwaka 2007 familia ilihamia Rochester, Marekani, na usiku ule ukahama nao.

Jina la kitabu ni lawama: jua lathubutuje kuchomoza? Nasi tumelisikia swali hilo makaburini, kwa mama aliyemzika mwanawe, na alfajiri jogoo akawika kama kawaida. Wapo wanaoliita kufuru. Sisi hatuthubutu: Ayubu naye aliilaani siku aliyozaliwa, na Kanisa hulisoma andiko hilo katika Misa.